Lamu twamrudisha mzee nyumbani, lakini nani atamkalia?

#1 BintiMkomani
Assalaam aleikum. Nina dai, na mwenye kutaka kulipinga alipinge.

Hapa mui wa Lamu, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hapotei. Mama yangu akitoka mlango ukiwa wazi atarudishwa tu. Amesharudishwa na mwenye duka, na vijana wa punda, na watalii wasiojua hata neno la Kiswahili, na siku moja na askari aliyemkuta amekaa kwenye ngazi za gati akingoja chombo cha Faza aende kwa mamake. Bibi huyo alikufa kabla mimi sijazaliwa. Wote hao Mungu awalipe.

Ila wakishamfikisha husema "haya, funga mlango" na huenda zao. Sijapata hata mmoja wa kuniambia, "Wewe kalale, mimi nitakaa naye mpaka alasiri." Naona ujirani wetu ni wa njiani, ukifika kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, unakoma. Watu wananiombea dua, nashukuru, lakini dua haibadilishi daipa.

Kwa nini imekuwa hivi? Na tukipanga zamu ya kujitolea mtaani, watu wa kumkalia mzee saa mbili tatu, itashika au itakufa kama zile kamati zetu za usafi?

#2 Nahodha_Mstaafu
Waaleikum salaam binti yangu, pole. Zamani zamu haikuhitajika kwa kuwa nyumba ilijaa. Msana (ukumbi) wa tini bibi, msana wa yuu mashangazi, kiwandani (uani) watoto. Mzee akisema maneno yasiyo kichwa wala miguu, wa kumjibu alikuwepo saa zote. Yeo nyumba ile ile ina watu wawili, na mmoja wao yuko Dubai. Watu si wabaya. Watu hawapo.

#3 KakaShela
Na nyumba za jirani zimeuzwa. Utamgongea mlango Mzungu aliyekuja kutafuta utulivu umwambie "njoo unikalie mama"? 😂

#4 UmmuSalim
Nahodha nakuheshimu, lakini hizo nyumba zilizojaa zilijaa wanawake. Ndiyo maana kazi haikuonekana. Kina baba walikuwa barazani wakicheza bao.

Mimi naona sababu ni stara. Tunaficha wenyewe. Mzee akianza kuvua nguo, au kutukana matusi ambayo hatujui aliyasikia wapi, tunamwondoa mbele ya wageni na kumfungia chumba cha juu kabisa, na ngazi za nyumba za mawe mnazijua zilivyo wima. Mtu akija kumjulia hali, "amelala". Jirani ataingiaje asipokaribishwa? Halafu kuna mabinti wa kuozwa, hakuna anayetaka isemwe nyumba fulani ina wazimu.

#5 Nahodha_Mstaafu
Bao nilicheza, sikatai.

#6 MtotoWaBarani
Nawasoma kutoka Malindi. Nyinyi shida yenu ni wa kumkalia mzee, shukuruni. Huku Kilifi, ukitoka mjini ukaingia vijijini, mzee mwenye mvi akianza kuzungumza peke yake usiku na kukatiza mashamba ya watu, haitwi mgonjwa, aitwa mchawi. Wazee wameuawa kwa hilo, na mara nyingi nyuma ya huo uchawi kuna kipande cha ardhi ambacho kuna watu wanakitaka. Waliobahatika kukimbia kuna waliohifadhiwa Kaya Godoma, kule Ganze.

Sisemi kila aliyekimbilia kule ana ugonjwa wa kusahau. Wengine akili zao ni timamu kuniliko. Lakini visikilizeni visa vyenyewe: anatoka usiku, hawezi kueleza alikuwa wapi, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu. Kwa hivyo kwetu mtu wa kujitolea, kazi yake ya kwanza ni kusimama mbele ya kijiji aseme "huyu ni mgonjwa". Hayo ya zamu yatakuja baadaye.

#7 Mpwani77
Mimi nasema huu ugonjwa umekuja na vyakula vya sikuhizi. Bibi zetu walikula samaki na nazi wakafa na akili zao. Daktari wa Kijerumani aliuvumbua 1910 huko kwao, na ni ugonjwa wa huko kwao. Na mbona wagonjwa huchachamaa saa za magharibi, jua likituwa? Mnajua wenyewe ni nani hutembea magharibi. Tafuteni mtu wa kuwasomea.

#8 MuuguziVisiwani
@Mpwani77 tuanze na tarehe. Alois Alzheimer alimweleza mgonjwa wake mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Huo 1910 ni mwaka daktari mwenzake, Emil Kraepelin, alipoutia ugonjwa jina la Alzheimer kwenye kitabu chake. Na hakuuvumbua, aliueleza tu, ulikuwepo. Wa kwao? Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 wenye ugonjwa wa kusahau wa aina zote, Alzheimer ikiwamo, mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Na bibi zetu wengi walifariki kabla ya kufika umri wenyewe.

Kuhusu magharibi: kuchachamaa jioni kunaonekana Lamu na kunaonekana London. Mwanga unapungua, mzee amechoka, mwili umepoteza hesabu ya usiku na mchana, vivuli vinageuka watu. Nyumba zetu za mawe huingia giza ndani wakati nje bado kweupe. Washeni taa mapema, kabla ya adhana, na mpunguze makelele ya televisheni. Hakuponyi, lakini wengi hutulia kidogo.

Na hili msilipuuze. Si kila kusahau ni Alzheimer. Mzee aliyebadilika ghafla, kwa siku mbili tatu tu, huyo kimbizeni hospitali. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, au amepungukiwa na maji kwa joto hili, au ameanzishiwa dawa mpya, au alianguka na damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa ulegevu mtu husahau. Vitamini B12 ikipungua, vilevile. Hayo yanatibika. Wenye sukari waliotumia metformin miaka mingi waulize kuhusu B12.

#9 BintiMkomani
Ahsante. Sisi kliniki moja walituambia "ni uzee tu" wakatupa vidonge vya maumivu. Maumivu yangu labda.

#10 UstadhLangoni
Ndugu yangu Mpwani77, soma Surat An-Nahl aya ya 70, na Al-Hajj aya ya 5. Wako miongoni mwetu wanaorudishwa kwenye umri dhalili, wasijue kitu baada ya kuwa wanajua. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga ya kurudishwa kwenye umri huo. Hali hii imetajwa karne nyingi kabla ya Mjerumani, na haikutajwa kuwa ni jini.

Jingine kwa walezi. Aliyeondokewa na akili, kalamu imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi. Nimeshuhudia binti na baba wakigombana kila adhuhuri kwa sababu mzee amesali mara nne, au anakataa kutawadha. Mwacheni. Kumsomea hakuna ubaya, watu hupata utulivu. Ila wale wanaompiga mgonjwa fimbo eti wanamtoa shetani, hiyo ni dhulma, na walio barazani wakanyamaza wana sehemu yao.

#11 Mpwani77
Sawa ustadh, sijasema apigwe. Lakini nijibuni hili. Babu yangu mwaka wake wa mwisho alikuwa akiona watoto wadogo wamekaa miguuni pa kitanda. Anawaambia "kuleni, msione haya". Watoto gani hao?

#12 MuuguziVisiwani
Alikuwa akitembea kwa kuburura miguu, mikono migumu? Siku nyingine yuko sawa kabisa, siku nyingine hayupo?

#13 Mpwani77
Ndiyo. Umejuaje?

#14 MuuguziVisiwani
Simjui babu yako wala siwezi kumpima hapa. Ila kuna aina iitwayo Lewy body, na mambo hayo matatu huja pamoja: kuona watu au wanyama wasiokuwepo, mwendo kuwa mzito, na akili kupanda na kushuka. Wenye aina hiyo wakipewa dawa za kuwatuliza kama haloperidol wanaweza kudhurika vibaya sana, kwa hivyo mweleze daktari kila mnachokiona, hata kama mnaona haya kukisema.

#15 Mpwani77
Yawezekana. Lakini na paka naye alikuwa akitazama pembe ile ile.

#16 KakaShela
Paka wa Lamu hutazama popote penye harufu ya samaki bwana.

#17 TuktukMalindi
Turudi kwenye zamu ya #1. Mimi nasema posho ndiyo iliyoua. Miradi ilikuja, semina, soda, nauli, fulana. Sasa ukimwambia mtu "kujitolea" anauliza ni ngapi kwa siku. Huku Malindi sisi madereva tuna kundi la WhatsApp, mzee akipotea picha yake inapita kwetu na kwa boda, mara nyingi anaonekana kabla ya usiku. Hiyo tunafanya bure kwa sababu tuko barabarani vyovyote. Kukaa ndani ya nyumba ya mtu bure nusu siku ni kuacha kazi.

#18 UmmuSalim
Umesema kweli halafu umeiacha nusu. Atakayeacha kazi ni nani? Mkipanga hiyo zamu, orodha itajaa majina ya kike. Mama wa mahamri aliyeamka saa tisa usiku ndiye atakayeambiwa "wewe huna kazi mchana, mkalie mzee". Mimi sioni aibu kulipwa. Aibu ni kusema ni kazi ya thawabu kisha ukawaachia maskini thawabu zote.

#19 Mkimya
Kuna pesa za wazee za serikali, Inua Jamii, kuanzia miaka 65. Tumieni hizo kumlipa msaidizi.

#20 MtotoWaBarani
70 si 65. Na ni shilingi 2,000 kwa mwezi, zikifika. Zilipe msaidizi au zinunue daipa, chagua moja, na zote mbili hazitoshi.

#21 MwalimuPate
Japani walianza 2005 kuwafundisha watu wa kawaida, wenye maduka, watu wa benki, wanafunzi, somo la kama saa moja na nusu hivi: ugonjwa ni nini, na ufanye nini ukikutana na mgonjwa dukani. Ukimaliza unapewa bangili ya rangi ya chungwa. Wamefunzwa watu zaidi ya milioni 10. Uingereza wakaiga mwaka 2013. Somo kama hilo linaweza kutolewa ukumbini au madrasa hapa Lamu kwa gharama ya chai.

#22 BintiMkomani
@MwalimuPate napenda, lakini soma tena dai langu. Hao wa bangili ni watu wa kumtambua mzee njiani na kumsemesha vizuri. Lamu hilo tunalo bila bangili. Mimi naulizia ndani.

#23 MwalimuPate
Tunalo kwa anayejulikana. Mzee wa kutoka Pate au Kiunga aliyeletwa kwa bintiye Langoni mwezi uliopita, nani anamjua? Anaitwa mlevi.

#24 FundiMatondoni
Mimi si mwandishi lakini nitasema letu. Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi. Akili ilipoanza kwenda, wanawe wakamkataza kuja pwani, wakiogopa vyombo vya makali. Akawa mkali, anapiga watu, anavunja milango. Tukakaa sisi tuliofunzwa naye, tukasema mleteni. Asubuhi kijana mmoja humfuata, hukaa naye chini ya kibanda, twampa pamba na sifa (mafuta ya samaki), na kipande cha ubao wa zamani tulichokiacha na nyufa. Anakalafati, yaani anaziba nyufa. Hajui mwaka, hajui kama mkewe alifariki, lakini pamba inaingia kwenye ufa sawasawa, na akikuona umekosea akukaripia kama zamani. Jioni twamrudisha.

Hatukuita kujitolea. Hakuna kamati. Kuna siku anatuchosha, kuna siku twasahauliana tukadhani fulani atamfuata na hakumfuata, mzee akakaa nyumbani siku nzima akilia. Lakini mkewe mwanawe asema analala mchana.

#25 UstadhLangoni
Mashaallah. Hili nimeliona na kwenye kisomo. Kuna maalim hamkumbuki mwanawe, ila ukianza Yasin naye anakwenda nayo mpaka mwisho, na ukikosa irabu anakusahihisha.

#26 Mpwani77
Hapo sasa! Hiyo ni baraka ya Qur'ani, si mambo ya ubongo.

#27 MuuguziVisiwani
Yote mawili yanaweza kukaa pamoja. Kilichohifadhiwa utotoni na kurudiwa maisha yote huchelewa kuondoka kuliko jina la mjukuu aliyezaliwa juzi. Wasio Waislamu hukumbuka nyimbo za kanisani. Fundi hukumbuka pamba. Ndiyo maana mtu wa kumkalia mzee asije mikono mitupu. Mama aliyesuka ukili, mpe ukili. Usimpe mtihani wa "mimi ni nani? leo siku gani?" Hakuna anayefurahia kufeli kila asubuhi.

#28 Mkimya
Akisema ataka kwenda kwao na kwao ndiyo hapo?

#29 MuuguziVisiwani
Usibishane. "Haya twende", mvalishe viatu, mzunguke vichochoro viwili, mrudi kwa mlango ule ule. Mara nyingi anafika akasema "alhamdulillahi tumefika".

#30 Aliyewahi
Nimekuwa nikisoma tu. Nataka kumjibu BintiMkomani kwa nini watu hawaingii ndani. Mimi niliingia. Nilikuwa nikienda kumkalia mama mmoja mtaani kwetu ili mkwewe aende sokoni. Kikuku cha dhahabu kikapotea. Hakuna aliyenishutumu kwa mdomo, ila nilitazamwa. Baadaye kilipatikana ndani ya pipa la mchele, mama mwenyewe alikificha. Hakuna aliyekuja kuniambia kimepatikana, nimesikia kwa watu. Sikurudi, na mkwewe hajaniuliza kwa nini.

#31 UmmuSalim
Pole mwenzangu. Hili ndilo lenyewe, na hakuna semina inayolisema.

#32 MuuguziVisiwani
Kuficha vitu na kudhani ameibiwa ni katika dalili za kawaida kabisa. Familia ikitaka mtu wa kumkalia mzee, kwanza dhahabu na pesa zitolewe nyumbani, na jamaa wote waambiwe. Na ikiwezekana waende wawili wawili.

#33 Nahodha_Mstaafu
Na akifa mikononi mwako? Mimi hilo ndilo ninaloogopa, sitaki kusema uongo. Mzee ameanguka ngazini, wewe ndiye uliyekuwepo. Ukoo wa watu.

#34 KijanaWaGhuba
Mimi ni miongoni mwa hao "mmoja yuko Dubai" wa #2. Twasemwa sana. Natuma kila mwezi, dada yangu anamlea baba. Nikirudi likizo baba ananiita "bwana mgeni" na ananikaribisha chai kwa adabu. Dada anadhani mimi nimepumzika. Naomba kujua, pesa ikiwepo, hapo Lamu mtu wa kumlipa anapatikana? Maana kila tuliyemweka ameondoka.

#35 UmmuSalim
Anapatikana. Anaondoka kwa sababu mnamwajiri amwangalie mzee kisha anafua, anapika, anachota maji na kumpeleka mtoto chuo cha Qur'ani. Na muulize dada yako anataka nini kabla hujatafuta mtu. Huenda anataka wiki mbili Mombasa na wewe ubaki na baba.

#36 KakaShela
Mimi kinachoniuma ni punda. Tangu 1987 punda wa Lamu wana kliniki yao, wanatibiwa bure, wana walinzi wa kuwatetea. Mzee wangu kusukumwa hadi hospitali ya King Fahd ni mkokoteni na kelele njia nzima.

#37 FundiMatondoni
Punda hawapigi kura ndugu na wamepata. Na wewe wapiga.

#38 TuktukMalindi
😂😂 Ndiyo raha ya Malindi, tuktuk yafika mlangoni. Hameni.

#39 KakaShela
Tuje tuitwe wachawi? Tumekaa.

#40 MtotoWaBarani
Hilo halichekeshi kaka.

#41 Mkimya
Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba kupima presha na sukari, si wangeongezewa hili?

#42 MuuguziVisiwani
Kila jambo wanaongezewa wao. Ila presha yenyewe wanayopima ni kinga. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kupunguzwa, na ikakadiria karibu asilimia 45 ya wagonjwa ingeweza kuepukwa au kucheleweshwa. Presha imo, sukari imo, sigara imo, kutosikia vizuri kumo, kutoona vizuri kumo, upweke umo. Mzee asiyesikia mnayemwacha pembeni kwa sababu "hasikii", mnamharakishia.

#43 Nahodha_Mstaafu
Upweke. Si nilisema nyumba zimekuwa tupu?

#44 UmmuSalim
Na mimi nilisema tunawaficha. Mzee aliyefungiwa juu yuko peke yake hata nyumba ikijaa watu.

#45 TuktukMalindi
Na mimi posho. Hakuna aliyenipinga kwa hoja.

#46 UmmuSalim
Nilikupinga #18, rudi usome.

#47 MwalimuPate
Kwenye hitima, kisomo cha marehemu, tunajaa mpaka uchochoroni, kila mtu na sahani yake ya pilau, wala hakuna anayeuliza posho. Kwa hivyo watu wapo, na muda upo. Nadharia zenu zote tatu zinaanguka hapo.

#48 KakaShela
Pilau ndiyo posho, mwalimu.

#49 BintiMkomani
Nimesoma zote, mama amelala kidogo. Sijaona bado kwa nini, kila mmoja ana lake na mengine yananigusa mimi mwenyewe, maana #4 ni kweli kuna siku nilisema "amelala" naye yuko macho ananiita. @FundiMatondoni, huyo kijana wa kumfuata ami mlimpataje? Ni wa ukoo?

#50 FundiMatondoni
Si wa ukoo. Ni mwanafunzi wa ufundi. Tulimwambia asubuhi ukija na mzee, siku hiyo utashika randa, usipokuja naye utachota maji. Sasa akiumwa yeye hatuna mwingine.

#51 UmmuSalim
@BintiMkomani mimi niko karibu na msikiti wa Riyadha, si mbali. Nitumie ujumbe wa faragha. Jumatatu na Alhamisi baada ya adhuhuri nina nafasi. Na hiyo dhahabu itoe kwanza.

#52 BintiMkomani
Nimekutumia. Na jamani, kuna anayejua daipa za watu wazima saizi kubwa zapatikana duka gani hapa? Nilizopata ni za kati na zinamkata mapajani.

#53 KijanaWaGhuba
Dada yangu huagiza Mombasa zikaja na basi hadi Mokowe. Bei ya jumla ni nafuu, ila chukueni watu kadhaa pamoja, maana hawauzi chini ya boksi zima.

#54 Mkimya
Nitie na mimi kwenye hilo boksi.